Kabla hamjatutuma kwa fundi, tufundisheni kusoma namba

Bwana mhariri, salaam aleikum. Miaka mingi nawasoma na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala yenu ya wiki juzi, ya netwaki kupanda na kushuka, imenikaa rohoni mpaka leo. Naamini mwaikumbuka. Zima simu uwashe, weka alama ya ndege utoe, vua kava, pangusa laini, na ikishindikana peleka kwa fundi huenda antena imelegea. Bas. Ukurasa mzima, na picha kubwa ya msichana ameinua simu juu.

Mimi nafanya mambo ya mahamri na mikate ya sinia hapa Mji wa Kale, oda zangu zote zaja kwa simu. Basi wiki ilotoka makala yenu, mama mmoja wa Kisauni alikuwa ana harusi ya mwanawe, ataka mahamri 300 ya asubuhi ya Jumamosi. Alhamisi akanipigia baada ya Magharibi, sipatikani. Akapiga tena, sipatikani. Mara nne. Na mimi muda wote huo niko ndani nachambua hiliki, simu iko kwenye kidaka cha sebuleni, lile tundu la ukutani la kuwekea vitu, hapo hapo mbele ya macho yangu, imewaka, chaji imejaa, haikulia hata mara moja. Alfajiri natoka kufagia baraza ndio mesej zinaingia kama mvua, moja juu ya nyengine, na ya mwisho yasema dada pole nimeshampa mtu mwengine.

Mahamri 300 bwana mhariri!

Sasa kwa sababu nilikuwa nishasoma makala yenu nikajua ni simu yangu. Nikafuata orodha yote kama mlivoandika, kuzima, ndege, kava, laini nikaipangusa kwa kitambaa kikavu nikairudisha. Hamna kitu. Nikaenda kwa fundi. Fundi hakuuliza naishi wapi, hakuuliza inakata saa ngapi wala nikiwa upande gani wa nyumba, akaifungua tu pale pale kwenye meza, akasema waya wa antena, shilingi 1,800. Nikalipa. Simu ikarudi na mfuniko wa nyuma umeinuka kwenye pembe kama sambusa isoshikwa vizuri na unga, na wiki haijaisha mvuke wa karai ukaingia, kamera sasa ina ukungu, picha za mikate ya sinia nazopigia wateja zote zatoka kama zimepigwa kwenye moshi. Na netwaki? Vile vile. Kwenye kidaka imekufa, barazani yafufuka.

Alonifungua macho ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo. Alikuja kula mchana akaniona nahangaika, akasema mama mdogo lete hio simu. Akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, akafungua hali ya laini, pale pana mstari wa nguvu ya mawimbi na namba yenye alama ya kutoa mbele, mwishoni imeandikwa dBm. Hio namba simu nyingi za Android zinayo na mimi nina simu miaka yote hii sijawahi kuiona. Kadri inavokuwa karibu na sifuri ndio netwaki nzuri, kadri inavokwenda mbali ndio mbaya. Tukazunguka nyumba nzima mimi na yeye. Barazani -84. Mlangoni -97. Kwenye kidaka -118. Akanambia kila ikishuka 10, nguvu iliyobaki ni moja ya kumi ya ile ya kwanza, kwa hivo baina ya baraza na kidaka, hatua kumi na mbili nilizihesabu, mawimbi yamepungua zaidi ya mara 2,000. Alafu tukachukua simu ya mzee wangu, ya aina nyengine kabisa lakini laini ni ya kampuni ile ile, tukaiweka kwenye kidaka kile kile, namba karibu ni hio hio. Sasa ikiwa simu mbili zaumwa ugonjwa mmoja mahali pamoja, mgonjwa ni simu au ni mahali? Mtoto wa chuo amejua hilo kwa dakika tano na sahani ya wali, bure, na fundi na gazeti hawakujua kwa shilingi 1,800!

Na zile ngazi ndogo za netwaki mlizosema tuziangalie, ya mzee wangu ilionyesha mbili na yangu moja, na namba ni sawa. Hakuna kipimo kimoja cha ngazi, kila mtengenezaji apanga ya kwake. Hata Apple mwaka 2010, watu walipolalamika iPhone 4 yapoteza netwaki ukiishika, walikiri wenyewe kuwa hesabu ya ngazi zao ilikuwa na makosa, zaonyesha nyingi kuliko ilivo, wakabadilisha. Sasa sisi tutategemea ngazi vipi?

Nyumba zetu nyinyi mwazijua. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, ukiweka mkono dirishani kiwiko kiko ndani na vidole ndio vyafika nje. Wazee walijenga hivo kwa ajili ya joto na walifanya vizuri. Lakini mawimbi yakipita ukuta ule yapungua, na yale ya masafa ya juu kama megahezi 1800 na 2100 ndio huchoka zaidi, ya 800 na 900 yajitahidi kidogo kupenya. Ndio maana ukiwa ndani simu mara 4G, mara H (yaani 3G), mara E (yaani 2G), yahangaika baina ya mnara huu na ule, na chaji yaisha saa nane mchana kwa sababu ikiwa mbali na mnara simu hupaza sauti ili isikike. Na ukiisogeza upana wa kiganja tu namba yaweza kuruka, maana mawimbi yagonga kuta na kurudi, pengine yasaidiana pengine yauana. Hayo yote hayakuwemo kwenye makala. Mmeandika kava. Kava yangu ni ya plastiki laini, haizuii kitu, ingekuwa na bamba la chuma au sumaku sawa ningekubali.

Na kuna ile ya usiku, ambayo ni jambo jengine kabisa na nyinyi mmelichanganya. Baada ya Isha nakaa barazani, namba nzuri, ngazi zimejaa, na picha moja haifunguki. Hapo nguvu ipo, nafasi ndio haipo. Ni kama feri ya Likoni, imefunga gati, mwaiona wote, lakini watu walo mbele yako washaijaza. Hata uzime simu mara mia huwezi kuongeza nafasi kwenye feri.

Sasa niambieni bando langu nani ananilipa. Nanunua la siku nzima, saa 24 zahesabiwa bila kusimama, saa za jioni ambazo ndio za wateja wangu netwaki haipo, na muda ukifika laisha na lilobaki lapotea. Sikulitumia kwa sababu sikupewa njia ya kulitumia. Muuza maji wa mkokoteni akikuletea madumu matupu humlipi, lakini hapa walipa kwanza alafu ndio wangoja uone kama kuna maji. Nikapiga kastoma kea, kampuni siitaji, nikangoja dakika 20 na muziki wao, kijana akanambia mama zima simu uwashe. Nikamwambia mwanangu nina namba, ni -118 sebuleni, akasema namba gani mama.

Na hapa ni Mombasa. Nyaya za chini ya bahari zinazoileta intaneti nchi hii zatua hapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika intaneti ikawa taabu kotekote, na magazeti yalieleza vizuri, wapi, kwa nini. Basi kueleza mwaweza. Nelezeni na hii ya sebuleni kwangu.

Ninachotaka ni hiki. Pale mnapochapa saa za swala, wekeni kijisanduku kidogo kila Ijumaa: -85 kwenda juu nzuri, -100 ya kubahatisha, -110 kwenda chini usilaumu simu, toka nje upime tena, azima simu ya jirani upime, na usimpe fundi hata shilingi kabla ya hapo. Kampuni nazo, yule anayepokea simu aulize namba na aulize uko ndani au nje kabla hajasema zima. Na mhandisi aje apime kwa miguu. Gari lao la kupimia lapita barabara kubwa, na vichochoro vyetu gari halipiti. Aje baada ya Isha, aanzie Marikiti mpaka Ngomeni, aingie majumbani, simu aiweke kwenye vidaka pale watu wanapoziweka, aandike namba ya kila nyumba. Kwangu ni mlango wa kuchongwa wenye baraza ya saruji nyekundu, atakuta chai ya tangawizi na mahamri ya moto, na kitambaa kimewekwa juu yasipoe.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa