Msiusahau udaktari wa Gro Brundtland

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu wanawake waliowahi kuongoza serikali, Gro Harlem Brundtland wa Norway mmempa sentensi moja: mwaka 1981 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu nchini humo. Ni kweli. Lakini mimi niliyetumikia afya miaka mingi, sentensi hiyo imeniuma.

Mama huyu alihitimu udaktari Oslo mwaka 1963, akasomea afya ya jamii Harvard, kisha akarudi kwao kushughulikia afya ya watoto wa shule. Siasa aliikuta nyumbani, maana baba yake naye alikuwa daktari na waziri. Mwaka 1974 akapewa wizara ya mazingira. Ndiye aliyekuwa na dhamana hiyo mwaka 1977, mafuta yalipofumuka kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta la Bravo katika Bahari ya Kaskazini na kumwagika kwa siku kadhaa.

Uwaziri mkuu wa 1981 haukufika hata mwaka. Chama chake cha Leba kilishindwa uchaguzi. Aliporudi mwaka 1986 aliunda baraza la watu 18, wanawake wakiwa 8, yeye akiwamo. Hapa ndipo mwandishi wenu angetua kidogo. Kuwa wa kwanza ni jambo moja, kuwafungulia wenzako mlango ni jingine, na wengi hulisahau hili la pili wakishaketi.

Mwaka uliofuata, tume ya kimataifa aliyoiongoza ilitoa ripoti iliyoyaeneza duniani maneno "maendeleo endelevu", ambayo leo hayakosekani katika hotuba za viongozi wetu. Alishindwa pia: mwaka 1994 aliwaomba wananchi waingie Umoja wa Ulaya, asilimia 52 wakakataa. Aliupokea uamuzi wao, akaendelea na kazi hadi alipoachia ngazi kwa hiari mwaka 1996.

Kisha akarudi kwenye fani yake. Akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, 1998 hadi 2003, alisukuma mkataba wa kudhibiti tumbaku mpaka ukapitishwa. Nimewauguza wavuta sigara waliokuwa wakihangaika kuvuta pumzi usiku kucha, hivyo kwangu mkataba huo ni mkubwa kuliko cheo chochote alichoshika. Katika makala yenu haukutajwa kabisa.

Muuguzi mstaafu,
Tanga