Mkono wangu na kibao cha miguu

Kibuli, Kampala

Somo yangu Hadija,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko Arua? Mama mzee goti lake linaendeleaje? Sisi tupo, alhamdulillahi. Mvua inatunyeshea, mkaa umepanda bei, mengine unayajua.

Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Ni wa Salama, mtoto wa dada. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asiruke neno hata pale ninapomsema yeye. Ukimya wangu wa miezi yote hii nao unatoka hapo hapo. Zaituni kanifikishia ulichosema, eti nimepata maringo ya mjini, na sikulaumu. Jumbe zako zote nimezisoma. Kuzijibu kwa kidole gumba ndiko kulikonishinda.

Ni mkono wa kulia, somo. Ulianza mwezi wa Ramadhani kama mchezo. Naamka kula daku, nakuta vidole vimekufa ganzi, naukung'uta kama mtu anayekausha maji, vinarudi. Nikasema labda nimeulalia. Mara ikawa kila usiku, saa 8 kama saa ya kengele. Halafu siku moja kazini, pale kwenye uchapaji, kikombe cha chai kikaniponyoka mbele ya mteja, chai yote juu ya kadi zake za harusi, kadi 200 zimetoka mashineni sasa hivi. Nani alikatwa hizo pesa? Mimi.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari mwenyewe kijana mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Swali lake la kwanza: ganzi iko vidole vipi? Nikamwambia gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kile cha pete. "Nusu?" Nusu, upande unaotazama kidole cha kati, na kile kidogo kizima kabisa. Alifurahi kama nimempa zawadi! Akanifanya nikutanishe migongo ya viganja, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Nusu dakika sikufika.

Anasema kwenye kifundo cha mkono mna njia nyembamba. Chini yake mifupa, juu yake ukanda mgumu, na humo zinapita kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, anayebanwa ni mshipa. Nikamwambia basi ni taksi ya watu 14 iliyopakia 20, akacheka mpaka akavua miwani.

Nilitaka kuibebesha kompyuta lawama zote lakini akanikatiza. Umri unaleta, unene unaleta, sukari, tezi ya shingo, hata mimba. Akaniuliza kama nina mimba. Mimi, miaka 47! (Andika, Salama, acha kucheka.) Sukari alinipima, iko sawa. Ila kuchapa saa 10 kwa siku kifundo kimepinda, anasema, hakumsaidii mtu ambaye njia yake imeshakuwa finyu.

Sasa sikiliza nilichogundua mwenyewe. Miaka 19 nachapa pale barabara ya Nasser, kwa nini mkono uanze kuuma leo? Ni umeme, somo! Unakumbuka ulivyokuwa ukikatika enzi zile tukiwa wote pale? Tunatoka nje, tunanunua roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai, tunapiga soga nusu saa nzima, bosi amenuna mlangoni. Mwaka jana akanunua betri za kuhifadhi umeme, na tangu siku hiyo sijainuka kitini ila kwa swala na choo. Giza ndilo lililokuwa likinitibu, na mimi nililitukana miaka yote.

Basi siku hizi najikatia umeme mwenyewe. Simu inalia kila baada ya dakika 20, nainua macho, natazama kitu kilicho mbali kama mita 6 au zaidi, nahesabu mpaka 20 huku napepesa, maana mbele ya skrini mtu husahau kupepesa na macho yanakauka. Mimi natazama kaloli, lile korongo kubwa la majalalani, anayekaa juu ya paa la ng'ambo. Bosi aliniuliza kama huyo ndege ananidai. Kila saa nasimama, nazunguka meza, nakaa tena. Usiku navaa bandeji ya kifundo yenye bati ndani, ili nisiukunje mkono usingizini. Imesaidia, wallahi, wiki ya pili nililala mpaka alfajiri.

Kilichobaki ni kiti, na hapo ndipo ninapomhitaji mumeo, Baba Fadhili. Ufupi wangu unaujua. Nikishusha kiti, meza inanifika kifuani na viganja vinapinda kwenda juu. Nikikipandisha mpaka viwiko vikae sawa na kibodi, miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unanibana mapaja, jioni miguu imevimba. Naomba anichongee kibao cha kukanyagia: upana sm 45, kina sm 30, upande wa vidole kiwe juu sm 14 na upande wa visigino sm 10, kiwe na mteremko. Mbao yoyote, mradi kisiyumbe. Pesa nitatuma kwenye simu, asinikatalie.

Bosi nilimwomba kwanza, usidhani. Mzee Okello wa mashine kubwa akanitia moyo kwamba ipo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, na mwajiri ndiye wa kulinda afya ya mfanyakazi wake. Bosi akasema hiyo ni ya wenye viwanda. Nikanyamaza. Salama naye kasoma kuhusu daktari wa Italia, Ramazzini, ambaye mwaka 1713 alishaandika juu ya makarani: kukaa bila kuinuka, mkono kurudia jambo lile lile, na akili kushughulishwa muda wote ili wasikosee. Zaidi ya miaka 300, na kibao cha miguu bado nakiomba kwa mume wa rafiki yangu.

Lakini kilichonifanya nimkalishe mtoto huyu usiku si kibao tu. Nimesikia umepata kazi ya kuingiza majina ya wakimbizi kwenye kompyuta. Hongera sana! Halafu Zaituni akaongeza kwamba nyingine unamalizia nyumbani, laptopu mapajani, kitandani. Hapana, somo. Laptopu skrini na kibodi vimeshikana: ukiiinua shingo inapona mikono inaumia, ukiishusha mikono inapona shingo inakatika. Ipandishe juu ya kreti la soda mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, halafu chomeka kibodi nyingine chini. Yangu nilinunua 35,000. Nikutafutie?

Na kwa siku unaingiza watu wangapi? Kiti chenu kina mgongo? Vidole havijaanza kuwasha usiku, hasa gumba? Niambie kweli, usinifiche kama ulivyonificha ile habari ya shamba. Baba Fadhili mbao anayo, au mpaka anunue? Kibao kinaweza kufika na basi la Ijumaa? Na yule kaka yake Zaituni alioa mwishowe, au ndiyo basi?

Nilitaka kukwambia na ya mwenye nyumba, lakini Salama kaweka kalamu chini, anakung'uta mkono.

Somo yako,
Hadija