Maji, mistari minne

Wuhan, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu sana. Huku baridi imeingia, naandika nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Umeniuliza kama ule mchezo wangu wa "kuchora vijumba", yaani kujifunza kuandika Kichina, nimeumaliza. Wapi! Juzi umeniadhiri.

Mama anayesimamia hosteli yetu, tunamwita ayi, alibandika kikaratasi mlangoni. Kakiandika kwa kalamu, mbiombio, mistari imeshikana kama uzi wa kushonea uliotupwa chini ya cherehani. Nikakitazama, nikaona nyoka wanne, nikapita zangu. Asubuhi yake nimo bafuni, povu limenijaa mpaka masikioni, bomba likakohoa mara mbili, kimya. Nilijifuta na kanga nikaenda darasani nanata. Kumbe kikaratasi kilisema 明天停水, kesho maji yanakatwa. Na herufi zote nne nilishazifanyia mtihani, nikapata!

Nikampelekea mwalimu malalamiko yangu. Akacheka kwanza, kisha akasema, haya, niandikie maji. Nikaandika 水, nikaona nzuri tu. Yeye wakati huo alikuwa anafuta ubao, hakuniangalia hata kidogo. Alipogeuka akaitupia jicho: "Hukuanzia katikati." Nikabaki mdomo wazi. Eti mstari wa kati ulikuwa umebanwa, unaonekana umeingizwa baadaye. Kweli, mimi nilikuwa naweka mbavu kwanza, uti wa mgongo mwisho.

Akachukua kalamu. Mstari wa kati ukashuka, ukamalizia kwa kindoano kinachotazama kushoto. Halafu ule wa kushoto, halafu miwili ya kulia. Minne, basi. Akairudia haraka bila kuinua mkono: kindoano kikaruka chenyewe kwenda kushoto, kushoto kukavuka kwenda kulia. Shoga, nyoka wa mlangoni huyo! Yaani anayeandika mbio anapita njia ileile ya anayeandika polepole, ila haondoi kalamu. Kama njia huijui, utamsoma vipi?

Unakumbuka chuoni, kwenye zile herufi za Kiarabu za Kurani, tulivyokuwa na haraka ya kuweka nukta kabla neno halijaisha? "Neno kwanza, nukta baadaye!" Bakora ile bado naisikia. Nimekuja huku kote kufundishwa jambo lilelile, safari hii bila bakora.

Kanuni zenyewe si nyingi. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima, kama kwenye 十. Ninayoipenda ni ya nyumba: watu waingie kwanza, ndipo mlango ufungwe. Chukua 国, nchi. Unajenga kuta, unaweka vya ndani, mstari wa chini ndio unaufunga mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nachora sanduku zima halafu nasukumiza vitu ndani, na kile kinukta kidogo hakipati pa kukaa.

Ila usidhani kanuni zimetulia. Maji yanaanzia katikati, lakini moto, 火, unaanzia pembeni: vinukta viwili kwanza, ndipo miguu ya katikati. Na jirani yangu wa chumba, aliyesoma Kijapani kabla ya kuja huku, kila siku anakosolewa 田, shamba. Wajapani ndani ya kile kisanduku wanatanguliza wima, Wachina wanatanguliza mlalo. Likishaandikwa, shamba ni lilelile. Anakasirika huyo!

Sasa kila usiku najaza ukurasa mmoja wa daftari la visanduku, kila kisanduku kimegawanywa mara nne ili herufi isilalie upande. Leo nimeandika jina la nchi yetu, 坦桑尼亚, mistari 29. Herufi ya pili peke yake ina 10, na inanitoa jasho na baridi yote hii. Mkono umeanza kwenda wenyewe, lakini nikifikiria tu naufuata wapi, nakosea.

Nifanyie jambo moja. Chukua karatasi uandike 水, uipige picha unitumie. Usiniambie umeanzia wapi.

Msalimie mama, mwambie kanga yake imepona.

Wako wa siku zote