Mboga ya pwani si dawa ya presha, someni kabla ya kuoda

Wapendwa wateja, wiki hii meseji zimejaa za watu wanaotaka mboga ya pwani kwa ajili ya presha, na kuna mama mmoja kanipigia kabisa akaniambia anaacha vidonge alivyopewa kliniki aanze kula achari yetu, hapo nikaona lazima niandike. Mama, nakuomba usiache vidonge.

Hii mboga inamea nyuma ya mikoko, kwenye yale matope ya chumvi ambayo maji yanayafikia wakati wa bamvu tu, yale maji makubwa ya bahari, halafu jua linapiga mpaka ardhi inakuwa nyeupe. Mmea mwengine ungekauka, huu unatambaa zake na vikonyo vyekundu na majani manene. Vunja jani moja utafune, linakatika kachu, maji yanatoka na chumvi unaisikia mpaka kooni. Chumvi hauitemi, unaiweka akiba ndani ya majani. Sasa mtu wa presha ukimlisha hiyo kila siku si unamuumiza?

Sisemi haina kitu jamani. Kuishi na jua na chumvi vile kunaufanya mmea utengeneze kemikali za kujikinga, zile fenoli na flavonoidi, na wataalamu walishatoa mafuta kwenye majani wakayajaribu maabara yakazuia bakteria na fangasi. Kuna na ekidisteroni, kemikali ile wanayoinunua vijana wa jimu wakitaka misuli. Lakini kuzuia bakteria kwenye kisahani na kumtibu binadamu ni vitu viwili mbali mbali, na sisi tunauza mboga.

Halafu bei mnayolalamikia. Mnasema mboga iko bure kando ya mtaro wa mjini, kweli iko, ila huu mmea unanyonya hata madini ya sumu kama risasi na kadimi, ndio maana wataalamu wanautumia kusafisha udongo ulioharibiwa na taka. Pale hatuchumi hata utulipe mara mbili. Sisi tunatembea mbali maji yakitoka, tunakata ncha, mzizi tunauacha uchipue.

Ukiipika, chemsha umwage maji, chemsha tena umwage, ndio utie kitunguu na tui zito la nazi, chumvi usitie hata chembe. Mwenye presha au figo aongee na daktari wake kwanza. Achari oda mwisho Alhamisi, mbichi tunachuma Ijumaa asubuhi.