Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BAKITA: Mama yangu alikuwa na shoga

Magomeni, Dar es Salaam

Kwako Katibu Mtendaji,
Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA)

Yah: Maneno yaliyoharibika na nafasi yake katika kamusi

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, sasa ni mstaafu. Nakuandikia kwa sababu ya barua ambayo si yangu. Iliandikwa mwaka 1968 na mama mmoja wa Pangani, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Siku mbili baada ya arobaini ya mama yangu mzazi tulifungua sanduku lake la bati, tukaikuta chini ya kanga pamoja na nyingine kumi na sita, zote zimefungwa kwa kipande cha leso. Mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye mwenye macho mazuri, tukampa atusomee. Akasoma maneno mawili, "Shoga yangu", akanyamaza. Watoto wakaanguka kicheko. Kijana akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, kwani bibi alikuwa...?" Hakumalizia.

Niliichukua ile karatasi nikaisoma mwenyewe hadi mwisho. Mwandishi alikuwa anauliza kama mtoto ameshaacha ziwa (mtoto huyo ndiye baba yake kijana wetu), akaagiza doti moja ya kanga kutoka Kariakoo, akafunga kwa kusema "ni mimi shogayo nikupendaye". Sauti yangu haikutetereka, lakini nilijua kwamba nusu ya watu waliokaa kwenye ule mkeka walikuwa wanasikia kitu kingine kabisa, na kwamba mapenzi ya miaka hamsini ya wanawake wawili wa Pwani yalikuwa yamechafuka mbele ya macho yao bila mtu yeyote kuyatia doa kwa makusudi.

Kijana simlaumu. Alitoa simu, akatafuta neno kwenye kamusi moja ya humo, akanionyesha. Maana ilikuwa moja tu, ile anayoijua yeye.

Wewe unajua kuliko mimi, ndugu Katibu, kwamba kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inalieleza shoga kuwa ni rafiki, neno la wanawake wao kwa wao. Nyanya zetu waliitana hivyo jikoni, harusini, kwenye unyago na kwenye foleni ya maji. Wazee walionilea walikuwa wakisimulia kwamba baadaye wanawake waliwaita hivyo pia wanaume waliozoea kukaa nao na kusaidiana nao kazi za harusi na ngoma, na kwa njia hiyo neno likatoka uani likaenda barazani. Huko barazani ndiko lilikogeuzwa tusi. Hapa Dar es Salaam leo anayeitwa hivyo, mwanamume yeyote yule, anaitwa kwa kudhalilishwa, na wapo waliopigwa kwa neno hilo. Sisi wanawake tuliliacha kimyakimya, tukashtukia tunaitana shosti. Lakini vuka bahari uende Unguja, au panda basi hadi Mombasa, utawasikia akina mama wanaitana "shoga angu" mchana kweupe na hakuna anayegeuka kutazama.

Lugha hai haikai mahali pamoja, hilo nililifundisha mwenyewe ubaoni. Wazee wa Pwani walisema "mvua yanya" bila kuona haya; leo tunasema inanyesha, kwa sababu kunya kumebaki na kazi moja tu. Mama alipomwita mtu fisadi tulijua ni mharibifu wa wake za watu. Kisha Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, akasimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya majina ya vigogo aliowatuhumu kuiba mali ya umma, na tangu siku zile mtoto akisikia fisadi anafikiria fedha za umma. Nenda Feri asubuhi umtafute samaki yule mwenye doa jeusi ubavuni. Wavuvi walimwita changudoa tangu na tangu. Juzi nilimnunua, muuzaji akaniambia "Changu huyu, mama," doa akalimeza, kwa kuwa miaka ya tisini mji huu ulilichukua jina la samaki ukawabandika wanawake wanaosimama barabarani usiku, na mwanamume mwenye adabu hawezi kulitamka mbele ya mama mtu mzima.

Hata heshima inaweza kugeuka. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, na alipoanza kuwakusanya wanawake wa mji huu wajiunge na TANU, chama kilichodai uhuru, alikuwa hajatimiza miaka thelathini. "Bibi" lilikuwa ni taji. Wanafunzi wangu waliopita kila siku kwenye barabara yenye jina lake waliamini alikuwa kikongwe mwenye mkongojo, na ukimwita binti wa miaka ishirini na nane bibi leo, utaomba radhi.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, kwa sababu humo nina mkono wangu.

Mwaka 1989, katika shule niliyofundisha, rejesta ya darasa ilikuwa na safu ya maelezo pembeni. Kwenye jina la msichana mmoja niliandika "zeruzeru". Sikuwa na chuki. Ndivyo tulivyosema, ndivyo nilivyofundishwa, na nilitaka mwalimu atakayenipokea ajue kwamba mtoto huyu akae mbele, haoni vizuri ubaoni. Zaidi ya miaka ishirini baadaye nilikutana naye kituoni Manzese, tunasubiri daladala. Akaniamkia "Shikamoo mwalimu," tukazungumza habari za watoto wake na kofia zake za ukingo mpana. Halafu akaniambia, bila ukali, kwamba siku moja nilimtuma ofisini akaniletee rejesta, akaifungua njiani. "Nilidhani utakuwa umeandika nina akili," alisema. Alikuwa wa tatu darasani.

Tulipokutana tayari mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, yalikuwa yametikisa nchi. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na polepole redio na magazeti vikajifunza kusema "mtu mwenye ualbino". Wapo walionung'unika kwamba ni maneno matatu mahali pa moja. Mimi sikunung'unika. Lile moja lilikuwa limekwisha kuwa jina la kitu kinachowindwa, na maneno haya mapya yanaanza na "mtu".

Hapo pia nina hoja ambayo nimeibeba kwenye semina nyingi bila kupata mwanya wa kuisema. Tunaambiwa kipofu, kiziwi na kiwete ni maneno mabaya kwa sababu ya ki- ya vitu. Mbona kiongozi ana ki-? Mbona kijana na kiranja? Na hakuna Mswahili anayesema "kiziwi kimefika". Amefika, kama mtu mwingine. Viziwi wenyewe wamelishika jina lao, chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wala hawajaomba radhi kwa mtu. Kwa upande mwingine kilema kiliachwa tukaambiwa tuseme mlemavu, ndiyo maana tuna CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania. Kisha mlemavu naye akaanza kuchoka, na sheria ya mwaka 2010 ikasema watu wenye ulemavu, kama lilivyo jina la shirikisho lao, SHIVYAWATA. Ukiyapanga majina hayo unaona tulivyokuwa tunahama. Tulihama kwa sababu dharau ilikuwa inatufuata kwenye neno jipya, na silabi ya kwanza haikuwa na kosa. Ndiyo maana naona swali la kwanza liwe ni wenyewe wanataka waitweje, kisha sarufi isubiri zamu yake.

Na kuna neno Mswahili, ambalo nadhani Baraza lako lina deni nalo kuliko mtu yeyote. Mji huu uligawanywa enzi za Wajerumani, na Waingereza wakaendeleza, kwa kanda tatu: Wazungu kule baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Watu wakazipa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Wakoloni wameondoka, lakini hadi leo mtu akichelewa, akikopa asilipe, akizua umbea, anaambiwa "acha uswahili". Dalali akitaka kukushawishi ulipe kodi kubwa anakuambia nyumba "haiko uswahilini". Nimewahi kukaa kwenye kikao cha walimu wa Kiswahili, wa Kiswahili, na mwenyekiti akasema "tusifanye mambo kiswahili", wote tukatikisa kichwa. Tumeipigania lugha hii hadi UNESCO ikaitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na jina la mwenye lugha tumeliacha liwe tusi mdomoni mwetu.

Kwa hiyo ombi langu. Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 lisimamie lugha hii, na kamusi ndiyo mahali ambapo mtoto anakwenda akiwa peke yake. Naomba maneno ya namna hii yasifutwe. Kila moja lipewe mistari miwili mitatu ya maisha yake: lilikuwa na maana gani, katika vitabu na barua za miaka ipi, limegeuka tusi wapi, na wapi bado ni zuri. Kwa shoga iandikwe wazi kwamba Unguja na Mombasa bado ni rafiki. Kwa zeruzeru iandikwe kwamba linadhalilisha, na neno linalotakiwa litajwe palepale. Kwa Mswahili iandikwe kwamba lile tusi lina historia, na historia hiyo isimuliwe. Wanaohusika waulizwe kabla ya kuchapa.

Kazi hii haiwezi kungoja sana. Wanawake wanaokumbuka shoga kama neno safi wako Magomeni, Temeke na Ilala, wengi wamevuka themanini. Watumwe vijana wenye kinasa sauti wakakae nao kwenye mkeka.

Barua za mama ni kumi na saba. Zinaanzia mwaka 1961 hadi 1983, na tano kati yake zimeliwa na mende pembeni lakini zinasomeka. Niko tayari kuzileta ofisini kwako zinakiliwe, ila naomba nirudi nazo nyumbani siku hiyohiyo. Kijana ameniomba tumalizie kuzisoma, na tumefika ya nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Magomeni