Maelezo yatangulie faini

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu enzi za korona, lawama huishia kwa wananchi: wakaidi, hawasikii. Nadhani tunawaonea. Mapema mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa zivaliwe na wagonjwa na wanaowahudumia. Juni 5 mwaka huohuo likabadili ushauri, likazitaka serikali zihimize watu kuzivaa penye maambukizi mengi na msongamano. Ushahidi ulikuwa umeongezeka kwamba asiye na dalili naye anaweza kuambukiza, na sayansi ndivyo inavyokwenda. Lakini wengi waliotangaza amri mpya hawakujisumbua kueleza kilichobadilika. Zikaja faini.

Matokeo tuliyaona. Barakoa ilikaa kidevuni mpaka mlangoni, ikapandishwa mbele ya mlinzi, ikateremshwa hatua mbili tu ndani. Wengine waliivua ili wapige chafya (sasa ilivaliwa ya nini?). Aliyeogopwa hapo ni askari.

Ni wachache walioelezwa kwamba barakoa ya kitambaa kazi yake kubwa ni kuzuia matone ya aliyeivaa yasimfikie jirani. Nao viongozi waliohutubia umati nyuso wazi walimaliza kabisa hamu ya watu kutii.

Likizuka janga jingine, wizara za afya zitangulize maelezo kwa lugha ya kawaida, na ushauri ukibadilika ziseme siku hiyohiyo kwa nini umebadilika. Faini zisubiri kwanza.

Msomaji wenu