Kulia sana msibani si kipimo cha mapenzi

Bwana Mhariri,

Naomba kanafasi niseme jambo moja juu ya misiba yetu hapa Uganda, manake siku hizi imekuwa mashindano. Mfiwa asipogaragara chini mbele ya tenti watu wanaanza kunong'ona, haswa akiwa mwanamke. Juzi huku Tororo mjane mmoja alikaa kimya tu kwenye mkeka wake anapokea pole, kufika jioni mtaa mzima washasema yeye ndo kamroga mumewe.

Sasa hao wasemaji wajue kuna watu dini yao inakataza kabisa kumlilia maiti. Wanaitwa Wamandai, kwao ni kusini mwa Iraki na ng'ambo ya mpaka Irani, nabii wanayemheshimu sana ni Yahya, yule Yohana Mbatizaji, na ubatizo kwao si wa mara moja, mtu anabatizwa tena na tena kwenye maji yanayotembea. Wanasema machozi ya wafiwa yanageuka mto ambao roho lazima iuvuke, na nywele unazojing'oa kwa uchungu zinaenda kuizonga miguuni. Yaani unavyozidi kulia ndo unavyozidi kumchelewesha mtu wako.

Na safari yenyewe si mchezo, kitabu chao cha Ginza kina sehemu nzima inayoihusu. Roho inatoka mwilini siku ya tatu, alafu inapanda mpaka siku ya 45, njiani kuna vituo vinaitwa matarta, kila kimoja na walinzi wake, kama vizuizi vya polisi barabara ya Malaba ila huko kitu kidogo hakipiti, roho yenye makosa inashikwa hapo inaadhibiwa mpaka itakate. Ikivuka inamkuta Abathur na mizani yake, inapimwa na roho ya Shitil, ndo yule Sethi mwana wa Adamu, ikilingana nayo inaingia Ulimwengu wa Nuru. Huku chini makuhani wanaisaidia kwa ibada ya masiqta, na watu wanakula chakula kwa jina la marehemu (hapo kwenye kula tunafanana nao kabisa).

Lakini mi kilichonishika ni nguo. Mgonjwa akizidiwa wanamwosha kwa maji ya mto wanamvisha rasta, vazi jeupe la ibada, angali anapumua, maana akifa bila hilo vazi ni balaa, inabidi ifanyike ibada ingine maalum ya kumpatia nguo. Sisi mtu anafia wodini na shuka la kuazima, hakuna aliyemfulia hata shati, akishakata roho ndo tunakimbia mjini kumnunulia suti!

Sisemi tuwe Wamandai, na wenyewe hawapokei watu wa nje. Nasema anayenyamaza aachwe anyamaze. Na ndugu zangu nishawaambia, siku yangu ikifika hela ya maspika ikalipe kwanza bili ya hospitali.

Msomaji wenu,
Tororo